Ishara Haiipiti Nuru kwa Mbio

Tarehe 7 Septemba 2001, mgonjwa aliyelazwa Strasbourg, Ufaransa, alitolewa kifuko cha nyongo na daktari aliyekuwa New York, Marekani. Dk. Jacques Marescaux aliiongoza mikono ya mashine iliyokuwa ng'ambo ya Atlantiki, huku akitazama picha za televisheni. Tangu mkono wake uliposogea hata akaliona tendo hilo pichani, zilipita milisekunde 155, yaani pungufu ya moja ya tano ya sekunde. Majaribio ya awali yalikuwa yameonyesha kwamba kuchelewa kukizidi milisekunde 330 hivi, usalama hupotea: mpasuaji hukata kwa kufuata picha ya jambo lililokwisha kupita.

Je, kuchelewa huko hutoka wapi? Chanzo cha kwanza ni umbali. Ndani ya uzi wa kioo, nuru husafiri kilomita 200 hivi kwa milisekunde moja. Setilaiti iliyotulia juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kwa hiyo swali na jibu lake, kila kimoja kikipanda na kushuka, huchukua karibu nusu sekunde. Ndiyo sababu simu za ng'ambo zilizopitia setilaiti kutoka kituo cha Longonot, Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1970, zilikuwa na kimya kifupi kabla ya jibu. Nyaya za baharini zilizofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 zilifungua njia fupi zaidi.

Chanzo cha pili ni foleni. Habari nyingi zikikutana katika mtambo mmoja, nyingine hungoja. Hapa ndipo viwango vinapohitajika. Kiwango kimoja cha mwaka 2015 huiwezesha mitambo kutenga nafasi maalumu, kwa saa iliyopangwa, ili habari za haraka zipite bila kungoja. Mwaka 2017, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano uliweka sharti kwamba simu za kizazi cha tano ziweze kupitisha habari za namna hiyo kati ya chombo na mnara kwa milisekunde 1.

Lakini foleni hupunguzwa, umbali haupunguzwi. Mwanafunzi na apige hesabu: amri na jibu vikitakiwa kwenda na kurudi katika uzi wa kioo kwa milisekunde 1, kompyuta haiwezi kuwa mbali zaidi ya kilomita 100. Kutoka Dar es Salaam, Bagamoyo yafikika. Morogoro haifikiki, sembuse Ulaya. Basi nchi itakayohitaji kazi za haraka kiasi hicho haina budi kuwa na kompyuta, na mafundi wa kuzitunza, karibu na kazi yenyewe.