Uzi Ukikatika: Safari ya Toyota na Nara

Kila aliyepanda daladala mjini Dar es Salaam ameliona jina la Toyota. Wengi hudhani ni jina la gari tu. Kumbe limetokana na ukoo wa Toyoda wa Japani, na tena ni jina la mji. Leo natusafiri pamoja kwa mawazo, tuuone mji huo wa motakaa, kisha mji wa kale wa Nara wenye mahekalu. Miji hii haifanani hata kidogo, ila yote miwili yatuuliza neno moja: Mtu afanyeje kosa linapotokea katika kazi yake?

Asili ya habari hii si motakaa, bali ni nguo. Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka 1867, mwana wa seremala. Tangu ujana wake alitia nia ya kurahisisha taabu ya wafumaji, na mwaka 1891 alipewa hati ya serikali kwa kitanda cha mfumi alichokibuni, cha mti, cha kuendeshwa kwa mkono. Hakukoma hapo. Mwaka 1924 alimaliza kitanda kinachojiendesha chenyewe, nacho kilikuwa na ajabu hii: uzi mmoja ukikatika, chombo chote husimama. Zamani uzi ulipokatika bila kuonwa, kitanda kiliendelea kufuma, na nguo ikaharibika. Ikampasa mtu kukikodolea macho mchana kutwa. Sasa fundi mmoja aliweza kuangalia vitanda vingi.

Mwanawe, Kiichiro, aligeukia motakaa. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1937, na mwaka 1938 kiwanda kikafunguliwa Koromo, mji uliojulikana zamani kwa biashara ya hariri. Mwaka 1959 mji wenyewe ukabadilishwa jina, ukaitwa Toyota.

Wageni wanaozuru viwanda vya huko hupitishwa katika njia ya juu, mfano wa daraja ndani ya nyumba, wakitazama chini. Huona mikono ya chuma ikiunga mabati kwa moto, cheche zikiruka. Mbele kidogo magari yasogea polepole katika safu, na kila fundi ana kazi yake: huyu kiti, huyu mlango, huyu gurudumu. Lakini kitu cha kutazamwa zaidi si mashine, ni kamba. Imepitishwa juu ya vichwa vya mafundi, na mahali pengine siku hizi pana kitufe badala yake. Fundi akiona kasoro, hata parafujo moja isiyokaza, huivuta. Mara taa huwaka, muziki hulia, na kiongozi wake huja upesi. Desturi ni kwamba haji kukemea, huja kusaidia. Wakilitengeneza jambo kabla gari halijafika kwenye alama iliyowekwa, kazi huendelea. Wasipoweza, safu husimama. Ni uzi ule ule wa mzee Sakichi.

Hata hivyo, tusidhani kamba yatosha peke yake. Mwaka 1926 Sakichi na mwanawe waliasisi kampuni ya kuunda vitanda vya mfumi, ambayo baadaye iliunda na injini. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilitangazwa kwamba katika kampuni hiyo hiyo vipimo vya injini kadhaa za dizeli, vya kuombea kibali cha serikali, havikufanywa kwa haki. Mwezi wa Juni mwaka huo kasoro za vipimo zikatangazwa katika kampuni ya motakaa yenyewe, na mwenyekiti wake, Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, akainama mbele ya watu akaomba radhi. Kamba ilikuwako, mioyo ya watu ndiyo iliyosita kuivuta.

Sasa tupande treni, tupite Nagoya na Kyoto, tufike Nara, uliokuwa mji mkuu wa Japani tangu mwaka 710 hata 784. Paa wa bustanini huja wenyewe kwa wageni wakitaka chakula. Katika hekalu la Todaiji mna sanamu ya shaba ya Buddha, kimo chake kama mita 15. Sisi hatuendi kuiabudu. Twaenda kutazama kazi ya watu na subira yao. Mfalme Shomu alipoagiza ijengwe, mwaka 743, aliwaalika hata maskini wasaidie, japo kwa konzi ya udongo. Mwaka 752 ikawekwa wakfu.

Lakini mwaka 855 kichwa kilianguka. Mwaka 1180 jumba likateketea katika vita, likajengwa. Mwaka 1567 likateketea tena, na sanamu ikakaa miaka mingi juani na mvuani. Ndipo mtawa mmoja, Kokei, alipoanza kuomba sadaka za matengenezo mwaka 1684. Sanamu ikatengenezwa, ikapata kichwa kipya. Kokei akafa mwaka 1705. Jumba likamalizika mwaka 1709, nyembamba kuliko lile la kwanza. Hata leo mtu akitazama vema ataona kwamba kichwa na mwili si vya zama moja. Wala hakuna anayelificha jambo hili. Hayo matengenezo ndiyo sifa yake.

Basi, wazazi na walimu, turudi kwetu. Mtoto akivunja mtungi, je, aweza kuja kukuambia mwenyewe, au huvifukia vigae nyuma ya nyumba? Mwanafunzi asiyefahamu hesabu, je, huinua mkono, au huinakili ya jirani yake kwa kuogopa kuchekwa? Kila nyumba ina kamba yake. Atakayeivuta akipigwa leo, kesho hataivuta, na nguo itaendelea kufumwa na uzi umekatika.