Mafunzo mseto ya Kiingereza jeshini yahitaji muda, si kompyuta pekee

KATIKA mawasiliano ya redio ya majeshi yanayofuata taratibu za NATO, askari ambaye hakusikia vizuri ujumbe hatakiwi kumwambia mwenzake "repeat", yaani rudia. Anatakiwa kusema "say again", yaani sema tena.

Sababu yake si adabu ya lugha. Kwa kikosi cha mizinga, neno "repeat" ni amri ya kupiga tena pale pale palipopigwa awali. Askari aliyefundishwa Kiingereza cha kawaida anaweza kulitamka neno hilo kwa nia njema kabisa, kumbe ameagiza mizinga ifyatuliwe.

Mfano huo unaonyesha kwamba Kiingereza jeshini ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la elimu. Ndiyo maana majeshi mengi ambayo Kiingereza si lugha yao yamekuwa yakitafuta namna ya kuwafundisha askari wengi zaidi bila kuwaondoa kazini kwa miezi mingi.

Njia mojawapo iliyopata nafasi kubwa ni mafunzo mseto. Huu ni utaratibu unaounganisha vipindi vya darasani vinavyoongozwa na mwalimu na masomo ambayo mwanafunzi huyafanya mwenyewe kwa kompyuta au simu, vyote vikiwa chini ya mtaala mmoja.

Neno muhimu hapo ni mtaala mmoja. Kumpa askari programu ya kujifunzia lugha na kumwambia ajitahidi jioni si mafunzo mseto. Kadhalika, kuweka kompyuta 20 katika chumba ambacho mwalimu haingii hakubadilishi chochote isipokuwa sura ya chumba.

Lugha ya operesheni za pamoja

NATO imekuwa na lugha rasmi mbili, Kiingereza na Kifaransa, tangu ilipoanzishwa mwaka 1949, lakini katika operesheni zake Kiingereza ndicho kinachotawala. Jumuiya hiyo ilipopokea nchi tatu za Ulaya ya Kati mwaka 1999, na nyingine saba mwaka 2004, maelfu ya maofisa waliosoma Kirusi shuleni walijikuta wakihitaji Kiingereza kwa haraka.

Kipimo kinachotumika huko kinaitwa STANAG 6001. Kinampima askari katika kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na kila stadi hupewa daraja lake kuanzia 0 hadi 5. Daraja la 1 ni la mtu anayeweza kujikimu tu, la 2 ni la anayemudu shughuli za kawaida za kazi, na la 3 ni la anayeweza kujadili na kutetea hoja kitaalamu.

Kipimo hicho kina faida moja kubwa: kinakubali kwamba mtu anaweza kusoma vizuri huku akishindwa kusikiliza. Ofisa wa namna hiyo ni wa kawaida katika nchi ambazo lugha hufundishwa kwa vitabu. Anaielewa amri iliyoandikwa, lakini ikitolewa redioni kwa kasi, katikati ya kelele za injini, anapotea.

Mahitaji yako wazi zaidi katika ombi la kumwokoa majeruhi. Majeshi ya NATO hutumia ujumbe wa mistari tisa unaoanza na mahali majeruhi alipo, kisha masafa ya redio na jina la kikosi la redioni, idadi ya majeruhi na uzito wa hali zao, vifaa vinavyohitajika, hadi usalama wa eneo ambalo helikopta itatua. Mtumaji akikosea tarakimu moja ya mahali, helikopta itaruka kuelekea kusikohusika.

Hata wenye lugha yao huteleza. Katika mapigano ya Mto Imjin nchini Korea, Aprili 1951, inasimuliwa kwamba kamanda wa brigedi ya Uingereza alimweleza mkuu wake wa Kimarekani kuwa hali ilikuwa "ngumu kidogo". Kwa Mwingereza, maneno hayo yalimaanisha hatari kubwa. Mmarekani aliyachukua kama yalivyo. Kikosi cha Gloucestershire kilizingirwa, na askari wake wengi waliuawa au kutekwa.

Hesabu ya saa

Kikwazo cha kwanza cha kufundisha lugha jeshini ni muda. Taasisi ya mitihani ya Cambridge inakadiria kuwa mtu anayeanza kabisa huhitaji saa 350 hadi 400 za kuongozwa na mwalimu ili kufika daraja la B1 katika kipimo cha Ulaya, na saa 500 hadi 600 kufika B2.

Askari akipewa saa nne za Kiingereza kwa wiki, kwa wiki 40 za mwaka, atapata saa 160. Kwa mwendo huo, kufika B2 kutamchukua zaidi ya miaka mitatu, na hapo ni kama hatakosa kipindi hata kimoja. Lakini askari huenda zamu na luteka, huhamishwa kambi, na huitwa kazini usiku. Mara nyingi kozi hukatika kabla ya kuzaa matunda.

Njia ya zamani ya kukabiliana na tatizo hilo ni kumtoa kabisa kambini. Marekani ina kituo cha kufundisha Kiingereza katika kambi ya Lackland, San Antonio, jimbo la Texas, ambacho chanzo chake ni mwaka 1954 na ambacho hupokea wanajeshi kutoka nchi zaidi ya 100. Huko mwanafunzi hula, hulala na kuamka na Kiingereza.

Utaratibu huo hufaa, lakini nafasi ni chache na gharama ni kubwa. Aidha, mara nyingi humfaa rubani au ofisa anayekwenda kozi ya nje, si koplo atakayeshika redio kwenye doria.

Kazi ya mashine na kazi ya mwalimu

Msingi wa mafunzo mseto ni kugawa kazi. Yapo mambo ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya peke yake mara nyingi bila kumchosha mtu: kujifunza msamiati wa silaha, magari na ramani, kusikiliza ujumbe uleule mara kumi, kusoma kanuni, na kujibu maswali yanayosahihishwa papo hapo. Hayo huhamishiwa kwenye kompyuta.

Yapo mengine yanayohitaji mtu wa pili, kama vile kuuliza, kufafanua, kupinga kwa heshima, kukatishwa na kuendelea. Hayo ndiyo hubakizwa darasani, ili saa za mwalimu zisiliwe na kazi ya kunakili maneno ubaoni.

Chukua mfano wa darasa la askari 12 wanaojifunza ombi la majeruhi. Kabla ya kipindi, kila mmoja husikiliza kwa kompyuta jumbe kadhaa za mistari tisa na kujaza fomu. Mwalimu huona matokeo na kugundua kuwa wengi wanachanganya 15 na 50, tarakimu ambazo kwa Kiingereza hutofautiana kwa sauti ndogo ya mwisho na mkazo.

Kipindi kikianza, mwalimu hafundishi yote upya. Anawaketisha wawili wawili wakiwa wamepeana migongo, ili mtu asitumie mikono wala macho kujieleza, na mmoja anamtumia mwenzake ujumbe huku sauti ya injini ikisikika. Wanafanya zoezi hilo hadi tarakimu zifike sahihi.

Mseto huo una manufaa mengine yasiyosemwa sana, nayo yanahusu vyeo. Darasa la lugha ni mahali pa kukosea, na jeshi ni mahali ambapo kukosea mbele ya watu hakupendwi. Koplo hataki kuchekwa mbele ya luteni, na meja hataki kusahihishwa mbele ya koplo. Mazoezi ya faragha humpa kila mmoja nafasi ya kukosea bila shahidi kabla ya kuzungumza mbele ya wengine.

Utafiti wasema nini

Jeshi si geni katika kubuni mbinu za lugha. Mwaka 1943, Jeshi la Marekani lilianzisha vyuoni kozi za lugha za kigeni zilizotegemea vikundi vidogo na mazoezi ya kusema kwa saa nyingi. Baada ya vita, fikra hizo zilichangia mbinu ya kurudiarudia sentensi katika maabara za lugha. Mwaka 1997 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa ADL, uliozaa viwango vya SCORM vinavyowezesha somo moja la kompyuta kutumika katika mifumo tofauti.

Kuhusu matokeo, uchambuzi mkubwa wa Wizara ya Elimu ya Marekani, uliotolewa mwaka 2009 na kurekebishwa mwaka 2010, ulipitia tafiti za kuanzia 1996 hadi 2008. Ulionyesha kuwa wanafunzi wa mseto walifanya vizuri kuliko wa darasani pekee.

Hata hivyo, watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba wanafunzi wa mseto mara nyingi walipata pia muda zaidi wa kujifunza na vifaa zaidi. Kwa hiyo, sifa haikuwa ya kompyuta peke yake.

Tahadhari hiyo ndiyo ambayo jeshi lolote linapaswa kuizingatia. Mkuu wa kikosi akipunguza vipindi vya mwalimu kutoka saa nne hadi mbili, kisha akamwachia askari kompyuta bila kumtengea saa za kuitumia, hajaanzisha mseto. Amepunguza mafunzo kwa nusu.

Vikwazo vya kambini

Kikwazo kingine ni mtandao. Kambi nyingi za mipakani hazina intaneti ya uhakika, na vikosi vilivyo kwenye operesheni huweza kuzuiwa kuitumia. Masomo yanapaswa kuwekwa kwenye kompyuta ya kambi au simu yenyewe ili yafanyike bila mtandao, na matokeo yatumwe baadaye.

Usalama nao haukwepeki. Januari 2018 ilibainika kuwa ramani iliyotolewa na kampuni ya Strava, inayorekodi mazoezi ya wakimbiaji, ilikuwa ikionyesha mizunguko ya askari ndani ya kambi za kijeshi katika nchi kadhaa. Programu ya lugha inayosoma mahali simu ilipo, au inayohifadhi sauti za askari katika kompyuta za nje, inaweza kuleta madhara ya aina hiyo.

Mwisho ni mwalimu mwenyewe. Wengi wamezoea kitabu na ubao. Kusoma matokeo ya wanafunzi 12 na kuandaa kipindi kulingana na makosa yao ni kazi mpya, nayo inahitaji saa zake.

Suala lisilo mbali

Kwa Afrika Mashariki, jambo hili si la Ulaya na Marekani pekee. Burundi, ambayo jeshi lake lilizoea Kifaransa na Kirundi, ilipeleka askari Mogadishu kuanzia Desemba 2007 katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, bega kwa bega na Waganda wanaotumia Kiingereza. Mwaka 2014 Burundi ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pia. Rwanda nayo iliamua mwaka 2008 kuhamishia elimu yake kwenye Kiingereza.

Tanzania ni mfano wa aina yake. Amri katika JWTZ hutolewa kwa Kiswahili, na lugha hiyo iliwafaa askari wake kuzungumza na wananchi wa mashariki mwa Kongo walipojiunga mwaka 2013 na brigedi ya Umoja wa Mataifa pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Lakini ndani ya brigedi yenyewe, lugha iliyowaunganisha na wenzao hao ilikuwa Kiingereza.

Askari wa namna hiyo haanzi kutoka sifuri, kwani Kiingereza amekisoma sekondari. Anachokosa ni kukisikia na kukisema chini ya shinikizo. Kwake, saa chache za mwalimu zikitumiwa kwa mazoezi ya redio, na kusoma kukiachiwa kompyuta, zinaweza kuleta tofauti ndani ya miezi michache ya maandalizi kabla ya safari.

Sharti ni kwamba saa hizo zote, za darasani na za kompyuta, ziandikwe kwenye ratiba ya kikosi kama yanavyoandikwa mazoezi ya kulenga shabaha. Zisipoandikwa, zamu na luteka zitazimeza, na askari atapanda ndege akiwa na cheti cha kozi ambayo hakupata nafasi ya kuisoma.