Chanda Chema Huvikwa Pete, na Mfuaji Je?

Wahenga wetu walisema kwamba chanda chema huvikwa pete. Chanda wamekisifu na pete wameitaja, lakini aliyeifua pete hiyo hawakumkumbuka. Leo twapenda kumzungumzia huyo aliyesahauliwa, na hasa kijana aliyeko chuoni akijifunza kubuni na kufua vito. Katika nchi nyingi makampuni makubwa ya vitu vya anasa yamekuwa yakibisha hodi kwenye vyuo vya kazi hiyo, na itakapofika hodi hiyo visiwani kwetu, itatupasa tujue namna ya kuiitikia.

Urafiki baina ya chuo na wafanya biashara ya vito si jambo geni. Huko Paris chuo cha ufundi huo kilianzishwa mwaka 1867 na chama cha wenye kazi wenyewe, na Birmingham, Uingereza, shule ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 1890 katikati ya mtaa wa masonara. Katika miaka ya karibuni, makampuni yenyewe ndiyo yanayowafuata wanafunzi. Mwaka 2014 shirika la LVMH la Ufaransa, lenye kumiliki majumba mengi ya anasa, lilianzisha mpango wake wa mafunzo kwa kushirikiana na vyuo. Mwaka 2021 shirika hilo liliinunua kampuni ya vito ya Tiffany ya New York, na mwaka uliofuata mpango huo ukaingia Marekani: wanagenzi wakafundishwa kwa miaka miwili, huku wakilipwa, na chuo cha Fashion Institute of Technology kikiwa miongoni mwa walimu wao.

Makampuni hayo hayafanyi sadaka. Mafundi wao wanazeeka, na ingawa mashine yaweza kuyeyusha dhahabu na kuimimina katika kalibu, kuliketisha jiwe mahali pake lisicheze wala lisipasuke bado ni kazi ya mkono na jicho la binadamu. Wanahitaji vijana, na vijana nao wanahitaji wanachokosa shuleni: madini ambayo mwanafunzi hawezi kuyanunua, fundi mkuu wa kumsimamia, na mteja asiyekubali kazi ya kulipua. Mchoro mzuri wa karatasini waweza kuwa kidani kibaya shingoni. Kipuli kipendezacho mezani chaweza kulivuta sikio kwa uzito, na vikucha vya kushikia jiwe vikiwa vyembamba mno, jiwe hudondoka siku ya harusi. Mambo hayo hufundishwa na kazi yenyewe.

Kwa hiyo ushirikiano ni jambo jema, na hatuandiki kuupinga. Tunachouliza ni masharti yake, kwa maana nchi yetu imekwisha kupata somo, tena kutoka kwa kampuni hiyo hiyo ya New York.

Mwaka 1967 jiwe la rangi ya samawati lilivumbuliwa Mererani, Tanzania Bara. Mwaka 1968 Tiffany wakaliingiza katika soko la dunia kwa jina walilolibuni wao, tanzanite. Jina hilo limeitangaza nchi yetu, nasi hatulikatai. Lakini waliolipa jiwe jina ndio waliokuwa na duka, na mwenye duka ndiye aliyepanga bei. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mawe hayo ilikatwa na kung'arishwa Jaipur, India, na vijana wa huko wakapata ujuzi na ujira. Mzee Jumanne Ngoma, aliyeliokota jiwe hilo, alitambuliwa na kutunukiwa hadharani na Rais John Magufuli mwezi wa Aprili 2018, yaani baada ya miaka 51. Ikiwa mvumbuzi wa jiwe alingojea muda wote huo, mwanafunzi aliyechora pete atangoja miaka mingapi?

Wenzetu wa Botswana wametuonyesha njia nyingine. Serikali yao ilijadiliana na kampuni ya De Beers, na kwa mkataba wa mwaka 2011 kazi ya kuuza almasi ghafi za kampuni hiyo ikahamishwa kutoka London hadi Gaborone mwaka 2013. Kampuni hiyo pia imekuwa ikiandaa mashindano ya kubuni vito kwa vijana wa nchi zichimbwamo almasi, zikiwamo Botswana, Namibia na Afrika Kusini, na baadhi ya washindi wamepelekwa Milan, Italia, kuendelea na masomo. Mashindano na zawadi ni mambo mazuri, lakini la Gaborone ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa lilipatikana kwa hoja mezani na likatiwa saini.

Sisi visiwani hatuna almasi wala tanzanite. Tunao urithi wa kazi. Bibi zetu walivaa banagiri, kekee, mitali, majasi na vipini, na kila pambo lilikuwa na jina lake na mahali pake mwilini. Masonara, wengine wakiwa wametoka Bara Hindi na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, walikaa Mji Mkongwe wakivuta nyuzi za fedha katika chamburo, na watoto wao wakajifunza kwa kuketi kando ya fuawe. Na bahari nayo inatupa. Upande wa Fumba, katika Ghuba ya Menai, akina mama wamefuga chaza kwa msaada wa wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, wakapata nusu lulu, na makombe wakayang'arisha kuwa hereni na vidani. Hayo ndiyo mambo ambayo jumba kubwa la anasa litayatamani: umbo ambalo halijaonekana kwao, na hadithi ya kumsimulia mnunuzi.

Basi twawaomba wakuu wetu wa elimu, biashara na mafunzo ya amali wayatazame mambo manne kabla hodi haijapigwa. Kwanza, mkataba uandikwe, uwepo kwa Kiswahili, na ueleze wazi mchoro ni mali ya nani. Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2008 ya kulinda haki za ubunifu wa viwandani. Wanafunzi wafundishwe kuitumia na wasaidiwe gharama za kusajili kazi zao. Pili, jina la aliyebuni na la mahali alipotoka yaifuate kazi hadi dukani. Tatu, sehemu ya kazi ifanyike hapa hapa, na vifaa vya kufundishia vibaki chuoni baada ya mgeni kuondoka. Nne, masonara wazee waliobaki waitwe kufundisha na walipwe kama walimu, kwa kuwa akifa fundi asiye na mwanafunzi, chamburo chake hugeuka chuma chakavu.

Na kwa wanafunzi tuna neno moja. Mkataba mzuri hauwezi kuficha kazi mbaya. Mshiriki wa namna hii huhesabu siku na hupima kwa sehemu za milimita. Anayechelewa au anayekisia hupoteza nafasi yake na ya wenzake watakaofuata.

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mali hii bado ni jeupe, nasi twaomba liandikwe sasa, wakati kalamu ingali mikononi mwetu.