Vikuza sauti vyashindaniwa vyuoni

Umeme unaonaswa na eriali ya redio ni mdogo mno. Mbona basi sauti husikika nyumba nzima? Ndani ya redio mna transista. Transista ni kama koki ya bomba. Mkono hutumia nguvu kidogo tu, maji hutoka mengi. Vivyo hivyo, umeme mdogo wa eriali huongoza umeme mwingi wa betri.

Huko China, wanafunzi wa vyuo vikuu hushindana kuunda vyombo vya namna hiyo. Mashindano yao ya taifa yalianza mwaka 1994. Kila timu ina watu watatu. Hupewa siku nne tu za kuchora, kulehemu na kupima. Mwalimu haruhusiwi kuwasaidia.

Siyo mchezo! Transista haichagui. Hukuza sauti, hukuza na mikwaruzo. Waya ukipitishwa vibaya, chombo hupiga mluzi chenyewe. Mchoro waweza kupendeza karatasini, lakini chombo kikikoroma mbele ya wapimaji, alama zimepotea.

Basi, kalamu peke yake haitoshi. Sharti na mikono ijue kazi.