Ihsani Katika Nchi ya Lubero: Nyumba Zinazopokea (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya nilieleza jinsi watu wa Butembo na Beni walivyozoea, tangu siku za Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo hilo kuanzia 1966 hata 1997, kutoka kwa vikundi na majembe yao kwenda kuzitengeneza barabara ambazo serikali ilikuwa imezisahau, na jinsi Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilivyofunguliwa Butembo mwaka 1989 katika nchi iliyokwisha kuchoka kungoja ahadi. Kazi hizo zilikuwa na mwenye kuziongoza na siku zake maalumu. Leo nataka kuizungumzia ihsani ya namna nyingine, isiyo na msimamizi wala daftari, ambayo hutendwa kabla haijapata kutangazwa popote, nayo ni kumfungulia mlango mtu aliyekimbia vita na kumweka nyumbani, si kwa usiku mmoja, bali kwa miezi, na mara nyingine kwa miaka.

Luofu ni mji mdogo wa wakulima kusini mwa teritori ya Lubero, katika Kivu ya Kaskazini, si mbali na Kanyabayonga na Kayna, na wakazi wake walio wengi ni Wanande. Mtu asiyeufahamu aghalabu amelisikia jina lake kwa sababu ya jambo moja tu, nalo ni la kuhuzunisha. Mwanzoni mwa 2009 majeshi ya Kongo na Rwanda yaliungana kuwapiga waasi wa Kinyarwanda wa FDLR katika operesheni iliyoitwa Umoja Wetu, nayo ilipomalizika mwezi wa Februari, majeshi ya Rwanda yakarudi kwao, waasi wale wakarejea katika vijiji walivyofukuzwa, wakawalipiza kisasi raia kwa yale waliyotendewa na askari. Usiku wa tarehe 17 Aprili mwaka huo waliingia Luofu na kijiji jirani cha Kasiki, wakatia moto nyumba zaidi ya 250, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto wadogo watano walioteketea ndani ya nyumba zao. Hayo yameandikwa na wachunguzi wa haki za binadamu, na yeyote apendaye aweza kuyasoma. Lakini mwandishi wa taarifa hukoma pale moto unapozimika, ilhali mimi swali langu huanzia hapo: asubuhi ile, watu wa nyumba 250 zilizokuwa majivu, pamoja na majirani zao waliokimbia kwa hofu, walikwenda kulala wapi?

Msomaji aliyezoea picha za makambi ya Goma, kama Mugunga na Kibati, huenda akadhani ya kuwa kila aliyekimbia hupewa turubai na nambari. Katika nchi ya Lubero na Beni mambo hayaendi hivyo. Makambi huko yamekuwa machache siku zote, na walio wengi sana kati ya waliokimbia wamekuwa wakikaa kwa watu. Usiku wa kwanza hulala kanisani au katika madarasa ya shule, juu ya madawati yaliyosukumwa pamoja, kwa kuwa hayo ndiyo majengo makubwa na milango yake haina mwenyewe. Kukicha, akina mama wa parokia na wa makanisa ya Kibaptisti ya CBCA hufika na sufuria ya uji na kuanza kuuliza: Mmetoka upande gani? Mko wangapi? Kuna mgonjwa? Baadaye mtu mmoja mmoja huchukua aila yake na kuondoka nayo. Hapana kura inayopigwa, wala hapana hati inayotiwa saini. Yule mama ametazama, ameona mwanamke mwenye mtoto mgongoni na wawili mkononi, akasema, “Mama, njoo twende kwangu,” na mambo yamekwisha.

Tuingie basi ndani ya nyumba hiyo, maana neno “ukarimu” ni jepesi kulitamka na watu wengi hulitamka bila kujua uzito wake. Ni nyumba ya miti na udongo, yenye vyumba viwili au vitatu, na jiko nje chini ya paa la majani. Jana walilala humo watu saba; leo watalala kumi na watatu. Watoto wa mwenyeji huondolewa kitandani, wakaungana na wenzao wageni mkekani, na blanketi moja hutandazwa juu ya wote, na nchi hiyo ni ya milima, baridi yake ya alfajiri si ya mchezo. Chumvi iliyonunuliwa kwa juma zima huisha siku ya tatu. Kuni, ambazo mama alikuwa akizifuata mara mbili kwa juma, sasa lazima azifuate kila siku. Maharage hupimwa kwa kikombe badala ya kwa jicho, na ugali wa muhogo hukatwa vipande vidogo zaidi, navyo huwekwa katika sinia mbili, moja ya watoto na moja ya wakubwa, ili asiweko mtoto mgeni wa kuona ya kuwa kipande chake ni kidogo kuliko cha mwenye nyumba. Hili la mwisho ndilo linalonishangaza kuliko yote, kwa kuwa njaa ikiwapo nyumbani ni rahisi mno kumpendelea mtoto uliyemzaa, wala hapana mtu atakayekulaumu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumezoea kuitumia kwa kuwasema wageni wavivu. Lakini huko Lubero mwenye kuliomba jembe ni mgeni mwenyewe, kwa sababu ni mkulima kama mwenyeji wake, na kukaa bure humwumiza kuliko njaa. Siku za mwanzo huenda kulima kibarua katika mashamba ya watu, akarudi na vikombe kadhaa vya maharage au fedha kidogo, navyo huingia katika chungu cha wote. Kisha, mwenyeji akiwa na nafasi, humkopesha kipande cha ardhi. Hapa pana jambo ambalo watu wa mijini hawalijui, nami naona lapasa kuelezwa kwa utaratibu. Maharage huiva kwa muda wa miezi mitatu hivi. Anayemkopesha mgeni ardhi ya maharage amejinyima msimu mmoja tu, na mwisho wa msimu huo ardhi humrudia, tena ikiwa imelimwa vizuri. Muhogo, kinyume chake, hukaa ardhini mwaka mmoja na zaidi, na katika nchi ambayo mashamba yamekwisha kuwa madogo kwa wingi wa watu na kesi za mipaka hazikauki mbele ya machifu, kumruhusu mtu kupanda muhogo katika ardhi yako ni kumpa amana kubwa sana, karibu na kumkubali kuwa ndugu. Kwa hiyo ukitaka kujua ni kwa kadiri gani nyumba imempokea mgeni wake, usitazame chakula alichopewa siku ya kwanza. Tazama alichoruhusiwa kupanda.

Sitaki kuficha upande wa pili wa mambo. Nyumba zilizopokea huchoka. Akiba ya mbegu huliwa, ada za shule za watoto hukosekana, wanawake hugombana kisimani, na mzigo wa yote haya humwangukia zaidi mama mwenye nyumba, ambaye hapana aliyemshauri kabla ya idadi ya watu wake kuongezeka maradufu. Ziko nyumba zilizowaomba wageni waondoke. Wako pia waliotoza kodi, wakadai kazi ya shambani badala ya kodi, na baadhi yao walizidisha kudai. Kuyasema haya si kuipunguza ihsani ya wengine, maana fadhila hupimwa kwa gharama yake, na mwenye kusema ya kwamba watu wa kule ni wakarimu kwa tabia tu huwanyang’anya sifa ya kuwa waliamua.

Wako wanaodai kwamba huo si wema wa pekee, ila ni damu na kabila: Mnande humpokea Mnande, na kila mmoja angefanya vivyo hivyo kwa jamaa zake. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, nami singejisumbua kuijibu lau si maradhi yaliyoifikia nchi hiyo na kuyapima mambo haya kwa mizani iliyo kali kuliko vita. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka Mangina, karibu na Beni. Ikaenea hata Butembo na Katwa, na mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Katika maradhi hayo kumkumbatia mgonjwa ndiko kunakoua, na kwa hiyo mtu mwenye huruma alitakiwa kuizuia mikono yake. Sasa mtoto mchanga ambaye mama yake amelazwa katika kituo cha matibabu alelewe na nani? Hana dalili, lakini huenda ugonjwa umo ndani yake, na yapasa angojwe siku 21. Shangazi anamwogopa, na ana haki ya kuogopa.

Jawabu likatoka kwa waliopona. Mtu aliyeugua Ebola akapona huwa na kinga katika damu yake, akaweza kumshika mtoto wa namna hiyo bila ya kujifunika mwili mzima kwa yale mavazi ya plastiki yenye miwani, ambayo humfanya mlezi aonekane kama kiumbe cha kutisha. Pale Beni, kisha Butembo, vilifunguliwa vituo vya kulelea watoto kando ya vituo vya matibabu, kwa msaada wa UNICEF, na walezi wake walikuwa wanawake na wanaume waliotoka hivi karibuni katika vitanda vya wagonjwa. Wengi wao walikuwa wamefiwa na mume, au mke, au watoto wao wenyewe. Wakarudi mahali pale pale ambapo wapenzi wao walifia, wakaketi mchana na usiku na watoto wa watu wasiowajua mapajani, wakiwanywesha maziwa, wakiwapima joto, wakiwabembeleza. Nyumbani kwao baadhi ya majirani walikuwa bado wakikataa kuwapa mkono.

Naomba niongeze habari mbili za wema uliotoka mbali. Ya kwanza ni ya daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, ambaye tarehe 19 Aprili 2019 aliuawa na watu wenye silaha akiwa kazini katika hospitali ya chuo kile kile cha Graben nilichokitaja mwanzoni. Ya pili haina jina la mtu. Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, magharibi ya Kongo. Mmoja wa waliopona huko alikubali, miaka mingi baadaye, kutoa damu yake kwa ajili ya uchunguzi, na kutokana na kinga iliyopatikana katika damu hiyo, kwa jitihada za Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wa Marekani, ikatengenezwa dawa. Dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na nyingine tatu kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na mwezi wa Agosti 2019 ikabainika kuwa moja ya mbili zilizookoa watu zaidi. Mkulima wa Mangina aliyetibiwa kwayo hakujua, wala hana njia ya kujua, ya kuwa uhai wake umepitia katika mkono alioutoa mtu wa nchi ya mbali, asemaye lugha nyingine.

Turudi Luofu, maana vita havikuisha. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Januari 2016 Miriki, kijiji jirani, kilivamiwa na watu wasiopungua 14 wakauawa, na njia za milima zikajaa tena watu wenye magodoro kichwani. Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga ilitekwa na waasi wa M23, na siku hizo hizo Kirumba nayo, ndipo nyumba nyingi za kusini mwa Lubero, zile zile zilizokuwa zikipokea, zikafungwa na wenyewe wakaondoka pamoja na wageni wao kuelekea kaskazini, wengine wakisukuma vyombo vyao kwa chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili, hata Lubero na Butembo. Huko mwenyeji wa jana akawa mgeni, naye akaingia katika nyumba ya mtu akiwa anaifahamu vyema hesabu ya chumvi na kuni, na akijua bila kuambiwa kazi gani aiwahi asubuhi kabla mwenye nyumba hajaamka.

Kwa hiyo nina neno na mashirika yanayokwenda huko kwa nia njema. Tangu miaka kumi na mitano na zaidi iliyopita baadhi yao wameacha kugawa sufuria na mablanketi yaliyo sawa kwa wote, wakatoa vocha, na kuandaa masoko ambamo kila aila hujichagulia kinachoipungukia. Huo ni uamuzi wa busara. Walakini bado mara nyingi mno orodha huandikwa kwa waliokimbia peke yao, na mama aliyewalisha kwa miezi minne husimama kando ya kamba akiwatazama wageni wake wakirudi na ndoo mpya katika nyumba ambayo yeye mwenyewe hana ndoo. Chuki iliyoletwa na orodha hizo imevunja nyumba ambazo njaa haikuweza kuzivunja. Aandikwe mgeni na mwenyeji wake katika ukurasa mmoja, na kama fedha ni chache, wapewe nusu nusu.

Na jambo la mbegu lifanywe kwa wakati. Misimu ya kupanda huko ni miwili, mmoja unaoanza Septemba na mwingine mnamo Februari au Machi. Maharage ya mbegu yakifika katika nyumba hiyo mwishoni mwa Agosti hupandwa, na kabla ya Krismasi watu kumi na watatu wanakula mavuno yao. Yakifika Novemba hutiwa sufuriani jioni ile ile.