Je, Wimbo wa Jamii Hauna Mtunzi?

Watahiniwa wengi wanapoulizwa sifa za nyimbo katika fasihi simulizi huandika kuwa wimbo hauna mtunzi kwa sababu ni mali ya jamii. Jibu hili ni nusu ya ukweli. Kila wimbo ulianzia kinywani mwa mtu. Jamii huupokea, huuongeza na kuupunguza, hatimaye jina la aliyeutunga likasahaulika. Kusahauliwa si sawa na kutokuwapo.

Tumtazame Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka wa 1950. Alizaliwa Fumba katika familia ya hali ya chini, akauza vyungu kabla ya kuvuma kwa uimbaji. Aliimba taarab kwa Kiswahili, ilhali ile ya kasri ilizoea Kiarabu. Mwaka wa 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Je, nyimbo hizo zilikuwa zake? Wenzake kundini walishiriki katika utunzi, na mada nyingi zilitoka katika mazungumzo ya majirani mtaani Ng'ambo. Wimbo wake "Kijiti" ni mfano mzuri. Unasimulia kisa cha mauaji ya mwanamke mgeni. Mtuhumiwa alitorokea bara, na mashahidi wawili wa kike ndio walioadhibiwa, eti kwa sababu ya pombe. Kisa chenyewe kilikwisha kujulikana mitaani. Wimbo uliwapa wakazi nafasi ya kutoa hukumu yao kuhusu mahakama ambayo haikuwasikiliza.

Wapo walimu watakaodai kwamba taarab iliyorekodiwa si fasihi simulizi halisi. Wana hoja, maana santuri huugandisha wimbo. Hata hivyo, ukiimbwa tena harusini mbele ya hadhira nyingine, wimbo huohuo huweza kubadilishwa.

Kwa hivyo, mwanafunzi atenganishe mtunzi, mwimbaji na nafsineni, maana hao watatu si lazima wawe mtu mmoja. Akipewa wimbo wa kilimo kama vile wawe, asiandike "mali ya jamii" akaishia hapo. Aonyeshe jinsi kiitikio kinavyowashirikisha wakulima wote, na jinsi kiongozi wa wimbo anavyoweza kubuni mishororo papo hapo, pengine kumsuta jirani anayezembea na jembe lake.