Remasta Haifufui Kanda Iliyooza

Ukitafuta wimbo wa zamani kwenye simu, mara nyingi pembeni ya jina lake utaona neno moja la Kiingereza: remastered. Wengi wetu tunalisoma kama "imeboreshwa", tunabonyeza, maisha yanaendelea. Mimi nasomea ualimu, si mtaalamu wa sauti, lakini neno hili limenikaa kichwani tangu nilipokuwa TP mwaka jana. Nilitaka kufundisha fasihi kidato cha tatu kwa kutumia nyimbo za dansi za miaka ya 1980, zile zinazosimulia kisa kizima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Spika ilikuwepo, nyimbo zilikuwepo. Maneno ndiyo hayakusikika. Toleo moja lilikuwa kama limeimbwa ndani ya ndoo. Jingine, lililoandikwa kwamba ni remasta, lilikuwa na kelele hadi mwimbaji kamezwa na besi. Wanafunzi wakacheka, kipindi kikaenda hivyo hivyo. Nikabaki najiuliza: kwani mtu akisema ameremasta wimbo, amefanya nini hasa?

Hatua tatu za wimbo

Wimbo hupita hatua tatu kabla haujakufikia. Ya kwanza ni kurekodi, yaani kunasa sauti za waimbaji na vyombo. Ya pili ni kumiksi: kuamua gitaa la solo lisikike kiasi gani, tumba zikae wapi, mwimbaji awe mbele au nyuma. Ya tatu ni kumasta: kuandaa nakala ya mwisho, tuiite kanda mama, ambayo santuri, kaseti na faili zote zitazaliwa kutoka kwake.

Kuremasta ni kurudia hatua ya tatu tu. Fundi anachukua kanda mama na kuisafisha upya. Hawezi kumvuta mwimbaji peke yake aje mbele, kwa sababu mwimbaji na gitaa tayari ni kitu kimoja, kama sukari iliyokwisha kukorogwa kwenye chai ya maziwa. Ni kweli siku hizi zipo programu za kompyuta zinazojaribu kuichuja hiyo sukari, lakini mara nyingi huacha makovu kwenye sauti. Anayetaka kupanga vyombo upya kwa usafi lazima arudi hatua ya pili, na awe na kanda ambazo kila chombo kilirekodiwa kwenye njia yake.

Wenzetu walio na bahati wana vyote. Kraftwerk wa Ujerumani walitoa Computerwelt mwaka 1981, albamu ambayo wapigaji wengi wa muziki wa kielektroniki wa kuchezeka wameichota. Mwaka 2009 waliitoa upya ikiwa na remasta, pamoja na albamu nyingine saba, kwenye mkusanyiko ulioitwa The Catalogue. Walikuwa na studio yao wenyewe, Kling Klang, na waliamua wenyewe kazi yao isikikeje. Sasa linganisha na kwetu.

Kwa nini dansi letu liko kwenye kanda za redio

Katika miaka ya 1980 Tanzania Bara haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliyotaka santuri ilitazama Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Namanga, ambayo kutoka hapa Arusha ni safari ya asubuhi tu, ikawa mwisho wa njia. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983, baada ya Nyerere, Moi na Obote kukutana hapa hapa mjini kwetu na kukubaliana kuhusu mali za Jumuiya iliyokufa.

Kwa hiyo ndugu wawili walioanza na muziki mmoja wakapata kumbukumbu mbili tofauti. Wilson na George Kinyonga, vijana kutoka Tanga, walipita Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakipiga na Arusha Jazz, kisha wakavuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Nyimbo zao na za Les Wanyika, iliyojitenga nao baadaye, zilitoka kwenye santuri za Nairobi. Waliobaki Dar es Salaam walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Mlimani Park Orchestra, yaani Sikinde, iliyoanza mwaka 1978 na kuhamia DDC mwaka 1983, ni mfano mzuri. Bendi nzima iliingia studio, ikapiga kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache, na kilichonaswa kikawa kanda ya kurushwa hewani. Kurekodi na kumiksi vilifanyika kwa mkupuo mmoja. Hakuna njia za kila chombo za kurudia leo.

Ndiyo maana Remmy Ongala anasikika kama watu wawili. Albamu yake Nalilia Mwana ya mwaka 1988 ilikusanywa Uingereza kutokana na rekodi za nyumbani. Songs for the Poor Man ya mwaka 1989 aliirekodi kwenye studio ya Real World kule Uingereza. Sikiliza "Kipenda Roho" kwenye hiyo ya pili: kila gitaa lina chumba chake. Mpigaji ni yule yule, vidole ni vile vile. Tofauti iko kwenye mashine zilizomsikiliza.

Fundi anafanya nini na kanda ya RTD

Kwanza anaangalia afya ya kanda. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku kwenye plastiki hunyonya unyevu, na hewa ya Dar es Salaam haina huruma. Kanda ikishaharibika hivyo huwa inanata kwenye mashine na kuacha ungaunga. Baadhi huokolewa kwa kupashwa joto dogo, nyuzi 50 na kitu, kwa saa kadhaa, kisha zinachezwa na kunakiliwa haraka kabla hazijanata tena. Ungaunga uliokwisha kudondoka ndio wimbo wenyewe. Haurudi.

Pili, anarekebisha kichwa cha mashine kilingane na pembe ya mashine iliyorekodi. Kikikaa upande kidogo tu, sauti kali hupotea: herufi "s" na "sh" zinafifia, na hapo ndipo maneno ya Kiswahili yanapogeuka mvumo. Ile "ndoo" ya darasani kwangu inawezekana ilianzia hapa.

Tatu, kasi. Mashine ikizunguka haraka zaidi kwa asilimia 6, wimbo mzima unapanda nusu toni, na mzee mwenye sauti nzito anageuka kijana. Fundi mwenye sikio hulinganisha na vyombo mpaka apate kasi ya kweli.

Baada ya hapo tu ndipo anagusa besi, sauti kali na kelele za mvumo. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Sauti ya kidijitali ina dari, haiwezi kuzidi kiwango fulani. Ukitaka wimbo usikike "mkubwa" unavipandisha vile vilivyo chini hadi karibu na dari, na vilivyo juu unavikandamiza. Unapata kelele, unapoteza pumzi. Dansi linaishi kwa pumzi hiyo: mwimbaji anasimulia taratibu, halafu tarumbeta zinaingia, halafu chemko. Kila sehemu ikiwa na ukubwa uleule, chemko halichemki.

Zipo kazi zilizofanywa kwa heshima. Mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ulioandaliwa na Werner Graebner, una juzuu inayoitwa Hot in Dar, ya nyimbo za 1978 hadi 1983. Kampuni ya Africassette ya Detroit, Marekani, ilitoa rekodi za Sikinde za RTD. Kiukweli inauma kidogo kwamba mtu wa Detroit angeweza kununua Sikinde safi wakati sisi tunapokezana faili la WhatsApp ambalo hakuna anayejua limetoka wapi.

Nani anakula?

Kuna swali la pesa pia. Wanamuziki wengi wa wakati ule walikuwa waajiriwa: vyombo mali ya shirika, kanda mali ya redio. Lakini haki ya mtunzi na haki juu ya rekodi ni vitu viwili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Muhidin Maalim Gurumo alifariki mwaka 2014, kwa hiyo nyimbo alizotunga zina mwenyewe hadi 2064. Remmy alifariki mwaka 2010. Zake ni hadi 2060. Anayetoa remasta leo akisema "hizi ni zilipendwa, hazina mwenyewe" anazidanganya familia ambazo bado zipo.

Sisi tufanye nini

Kwa maoni yangu, kazi ya haraka kuliko remasta ni kunakili kanda mama kama zilivyo, bila kuzipamba. Remasta mbaya inaweza kurudiwa hata mwaka 2050, mradi nakala safi ipo. Kanda iliyooza hairudiwi.

Na sisi tulioko vyuoni tuna sehemu yetu. Nyumbani kwa wengi, iwe Ngarenaro, Tengeru au Usa River, kuna kaseti kwenye boksi chini ya kitanda cha mzee. Nyingine zilirekodiwa moja kwa moja kutoka redioni usiku, na huenda zina wimbo ambao kanda yake imeshakufa. Usizitupe. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti, nakili kwenye kompyuta kwa WAV, si MP3, na usiongeze besi. Andika jina la bendi, mtunzi, mwaka ukiujua, na kwamba chanzo ni kaseti. Halafu kaa na mwenye kaseti umwulize maneno yasiyosikika, uyaandike. Mzee anayeukumbuka ubeti mzima anajua kitu ambacho hakuna fundi wa remasta atakayekipata kwenye mashine.